Nani analipa bei ya chini? Historia ya sindano, ya santre ndogo na ya daftari la Papa



Wiki tatu zilizopita dada yetu mmoja wa Walikale, muuguzi aliyekaa miaka miwili Uganda, alituletea wazo. Kule alijifunza tiba ya sindano ya Wachina, akupunktura. Alisema hivi: chama chetu kina akiba kidogo, vijana wenye diploma ya uuguzi wamekaa bila kazi, na mama zetu wanaumwa mgongo na shingo kwa kubeba mizigo kila siku. Tufungue chumba kimoja chenye viti kumi, kwa bei ambayo hata muuza makala anaiweza. Sindano hizo hazitaki umeme wala friji.

Mlijibu kwa namna mbili. Nusu yenu mliandika "tuanze kesho". Nusu mlicheka, na mmoja akaandika: "Sisi tunakufa na malaria, nyinyi munatuletea sindano bila dawa?" Kisha mtu akasema, mwulizeni yule aliyesoma historia. Yule ni mimi, na jibu halikutosha katika mistari miwili. Njo maana nimeandika haya yote.

Mimi si muuguzi, lakini ni mtoto wa muuguzi. Na nyumbani kwetu kuna daftari moja linaloijua habari hii kuliko mimi. Nianze nalo.

Daftari

Papa alikuwa na posti ndogo ya afya kwenye njia ya kutoka Masisi-centre kwenda Nyabiondo. Kuta za mbao, paa la bati, vitanda viwili. Watu walipaita "kwa Munganga", ingawa yeye mwenyewe alikuwa akisema kila mara kwamba si daktari. Bei yake ilikuwa chini kuliko pengine pote, na asiye na kitu alitibiwa vilevile. "Munganga, leo sina makuta, lakini mutoto iko anawaka moto." Papa alifungua daftari, akaandika jina, akatoa dawa.

Nimelihesabu daftari hilo. Kurasa 71 zimejaa madeni. Wako waliolipa kwa kuku, wako waliolipa kwa maharagi, wako waliolima siku mbili. Wengi hawakulipa, na siwalaumu hata kidogo. Ilikuwa miaka ya kukimbia. Mtu aliyeandikwa Jumatatu, Ijumaa alikuwa ameshavuka mlima na watoto wake. Lakini muuza dawa wa Goma hakupokea kuku. Alitaka pesa mkononi. Kila safari Papa alirudi na katoni ndogo kuliko ile ya safari iliyopita.

Nyumbani tulizoea kusema kwamba vita ndivyo vilivyofunga posti. Daftari linasema vingine. Mwezi wake wa mwisho ulikuwa mwezi wa utulivu. Wagonjwa walikuwepo wengi. Kilichokwisha ni dawa, na dawa zilikwisha kwa sababu bei ya Papa ilikuwa chini kuliko bei aliyonunulia.

Tangu nilihesabu kurasa zile, kila nikisikia neno "bei ya chini" nauliza swali moja: sehemu iliyobaki analipa nani? Maana kitanda, dawa, sindano na mshahara vina gharama yake hata kama mgonjwa haioni. Kama mgonjwa analipa kidogo, kuna mtu mwingine anayelipa kingi. Nimeipitia historia ya sindano na ya santre ndogo nikiwa na swali hilo peke yake.

China: sindano na mfuko wa kijiji

Wengi tunadhani akupunktura ilienea vijijini China kwa sababu ni ya zamani. Ya zamani ni kweli. Lakini katika karne ya 20 ilisukumwa na hesabu. Madaktari waliosomea hospitali walikuwa wachache na walikaa mijini. Juni 1965 Mao aliishutumu Wizara yake ya Afya kwamba inahudumia watu wa mjini tu, huku wakulima, ambao ndio wengi, wakibaki bila kitu. Kuanzia 1968 magazeti ya chama yakaanza kuwasifu "madaktari wa miguu mitupu": vijana wa kijiji waliofundishwa kwa miezi michache, wakarudi kwao, wakawa wanalima na kutibu. Katika mfuko wao kulikuwa na dawa chache, bandeji, na sindano za akupunktura. Sindano ilipendwa kwa sababu haikwishi kama kidonge. Katikati ya miaka ya 1970 madaktari hao walipita milioni 1.

Sasa swali letu. Nani alilipa? Mfano uliotangazwa sana ni wa Leyuan, mahali pa milimani katika jimbo la Hubei. Kila mtu alitoa yuan 1 kwa mwaka, kikundi cha kilimo kikaongeza kutoka mfuko wake, na mgonjwa alipofika alitoa senti 5 tu. Daktari mwenyewe alilipwa kwa alama za kazi, sawa na aliyeshinda shambani. Kwa maneno mengine, bei ya chini ililipwa na kijiji kizima kabla mtu hajaugua.

Sehemu ambayo wapenzi wa akupunktura hawapendi kuisimulia ni hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashamba ya pamoja yaligawanywa kwa familia, na mfuko wa kikundi ukafa. Katikati ya miaka ya 1970 karibu asilimia 90 ya vijiji vilikuwa na ushirika wa matibabu; kufikia 1985 ni kama asilimia 5 tu vilivyobaki navyo. Sindano zilikuwa zilezile, ujuzi ulikuwa uleule, na wagonjwa hawakupungua. Kilichokufa ni mfuko.

Sindano zinafika Afrika

Mwaka 1964, miezi michache baada ya mapinduzi, kikosi cha kwanza cha madaktari Wachina kilifika Zanzibar kutoka jimbo la Jiangsu. Mwaka 1968 kikosi cha jimbo la Shandong kilifika Tanzania bara. Na kwetu je? Mobutu alikwenda Beijing Januari 1973, na mwaka huohuo madaktari wa jimbo la Hebei walianza kazi Zaire. Mara nyingi katika vikosi vya namna hii alikuwemo mtaalamu wa akupunktura. Kwa hiyo ndugu yetu anayesema kwamba sindano hizi ni mtindo mpya wa mjini Kampala ajue kwamba zilifika nchi hii kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Hapo bei ya chini ililipwa na serikali mbili, mwenyeji na mgeni, kwa sababu za urafiki na siasa. Si jambo baya. Lakini kikosi kinakuja na kinaondoka, na kinapelekwa pale wakubwa walipokubaliana. Mama wa Nyabiondo au wa Kibua hakuwa kwenye mkataba.

Kabla sijaendelea lazima nitaje sindano nyingine, ile ya dawa, kwa sababu ni historia yetu wenyewe Wakongomani. Mwaka 1976, Yambuku, kaskazini ya nchi, kulikuwa na lopitali ya misioni iliyohudumia watu wengi kwa vifaa vichache mno. Waliofanya uchunguzi baadaye waliandika kwamba kila asubuhi wauguzi wa wagonjwa wa nje walipewa sindano 5 tu na mabomba yake, zikawa zinasuuzwa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Njo namna ugonjwa ambao ulikuwa hauna jina ulivyopata njia. Baadaye uliitwa Ebola. Watu 318 waliugua na 280 walikufa. Kati ya wafanyakazi 17 wa lopitali ile, 11 walikufa.

Siandiki haya kuwahukumu. Walikufa wakiwa kazini. Naandika kwa sababu Yambuku inajibu swali letu kwa namna ya kutisha. Sindano zilipokuwa chache, aliyelipa sehemu iliyobaki ni mgonjwa na muuguzi, na walilipa kwa damu. Kwa hiyo katika chumba chetu sindano ya kutumia mara moja na kutupa, sanduku gumu la kutupia, na shimo la kuchomea visiwe mahali pa kupunguzia gharama. Siku pesa ya sindano mpya itakapokosekana, mlango ufungwe siku hiyohiyo.

Maskini wa nchi tajiri

Sasa niwapeleke mbali kidogo, maana wazo la viti kumi katika chumba kimoja lilifanyiwa kazi pia Marekani. Kule lilishikwa na watu waliokuwa na shida ya makuta kama sisi.

New York, mtaa wa Bronx, 1970. Vijana wenye asili ya Puerto Rico waliojiita Young Lords waliingia kwa nguvu katika hospitali ya Lincoln, wakidai kwamba jengo ni bovu na maskini wanatibiwa vibaya. Mwaka huohuo kikafunguliwa humo kitengo cha kuwasaidia walionaswa na heroini. Miaka michache baadaye kitengo hicho kikaanza kutumia sindano za sikioni. Watu walikaa kwenye viti, pamoja, kimya. Kutokana na kazi ile ulitengenezwa mpango wa pointi 5 za sikio, na 1985 kikaundwa chama cha kuufundisha. Leo unatumiwa pia kuwatuliza watu waliopita kwenye vita na majanga. Unafundishika kwa siku chache, na mgonjwa havui nguo.

Portland, mji wa magharibi ya Marekani, 2002. Mwanamke anayeitwa Lisa Rohleder, pamoja na wenzake, alifungua kliniki waliyoiita Working Class Acupuncture, yaani akupunktura ya watu wa kazi za mikono. Kule desturi ilikuwa mgonjwa mmoja kuwekwa chumba chake peke yake, saa nzima, kwa bei ambayo mfagia ofisi haiwezi. Wao waliweka viti vya kuegemea katika ukumbi mmoja. Sindano ziliingia mikononi, miguuni, kichwani na masikioni. Bei ilikuwa kati ya dola 15 na 35, mgonjwa alichagua mwenyewe, na hakuna aliyemwuliza cheti cha umaskini.

Tufanye hesabu ya ubao, kama darasani. Mtaalamu akihudumia mtu mmoja kwa saa, lazima amtoze dola 90 ili apate 90. Akihudumia watu 6 kwa saa hiyohiyo, anawatoza 15 kila mmoja na bado anapata 90. Na kwa sababu haulizi cheti, hahitaji karani wa kuchunguza nani maskini wa kweli na nani wa uongo. Bei ya chini ililipwa na wagonjwa wenyewe kwa kugawana ukumbi. Kila mmoja alipoteza faragha kidogo, akapata nafasi ya kurudi tena wiki ijayo.

Hesabu hii ni nzuri, na nadhani ndiyo aliyoiona dada yetu. Lakini ina masharti mawili. La kwanza, ukumbi lazima ujae, siku nyingi, mwaka mzima. Viti vitupu vinaiua hesabu yote. La pili, akupunktura si sindano moja ukapona. Ni kurudi na kurudi. Portland mtu anapanda basi. Kwetu, mama atoke kijijini Katoyi kwa miguu, apoteze siku ya shamba mara sita? Hapo bei si ile ya mlangoni tena. Bei ni siku sita.

Turudi nyumbani: zoni, soko na deni

Wakati dunia inakusanyika Alma-Ata, Septemba 1978, kutangaza afya ya msingi kwa wote, Zaire haikwenda kama mwanafunzi mtupu. Tangu 1971, Kasongo, huko Maniema ambako wakati ule kulikuwa bado ni sehemu ya Kivu, madaktari wa Zaire na wa chuo cha Antwerp walikuwa wanajaribu kitu kipya: vituo vidogo karibu na watu, vikiongozwa na muuguzi, vikiwa na hospitali moja nyuma yao. Katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima iligawanywa katika zoni za afya 306. Mradi wa SANRU, ulioanza 1981 kwa makanisa ya Kiprotestanti na pesa za Marekani, ulisaidia nyingi kati ya hizo. Leo nchi ina zoni 519. Za kwetu mnazijua: Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi upande mmoja, Walikale, Kibua, Pinga na Itebero upande wa pili. Kila ukiona santre yenye muuguzi mmoja na daftari, unaona mtoto wa wazo lile.

Kwenye karatasi, mshahara wa muuguzi ulikuwa wa serikali. Kisha ikaja miaka ya 1990. Septemba 1991 wanajeshi wakapora miji, na misaada ya Marekani ikakatwa. Pesa ya nchi ikaoza mikononi. Machi 1993 mauaji yakaanza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na tangu siku hizo hatujakaa sawa. Serikali iliacha kulipa, lakini wauguzi hawakuacha kula. Taratibu, bila mtu kutangaza, mgonjwa akawa ndiye mshahara.

Matokeo yake kila mmoja wetu anayajua. Shangazi yangu alijifungua kwa upasuaji katika lopitali moja nisiyoitaja. Mtoto alikuwa mzima, mama mzima, na wote wawili walibaki ndani karibu mwezi mmoja kwa sababu ya deni. Kila siku aliyokaa iliongeza deni. Tulimtoa kwa kuuza ng'ombe wa babu. Bei pale haikuwa ya chini, na aliyelipa alijulikana.

Lakini katika Zaire hiyohiyo kulikuwa na jaribio lingine, na naomba wanafunzi mlikumbuke jina lake: Bwamanda, kaskazini-magharibi, 1986. Zoni ile ilianzisha bima ya hospitali. Familia nzima inajiandikisha mara moja kwa mwaka, kwa kiasi kidogo, katika msimu ambao watu wameuza mavuno yao na wana pesa mkononi. Ukiugua na kulazwa, wewe unalipa asilimia 20 na mfuko unalipa 80. Katika wiki za kwanza zaidi ya robo ya watu walijiandikisha. Miaka michache baadaye walipita nusu. Mfuko ule ulivuka hata miaka ambayo noti za Mobutu zilikuwa hazinunui kitu. Uliweza kwa sababu uliendeshwa na taasisi ambayo watu waliiamini kabla, na kwa sababu mchango ulifuata kalenda ya shamba, si kalenda ya ofisi.

Una kasoro zake. Waliokaa mbali na hospitali walijiunga wachache, na maskini kabisa mara nyingi walibaki nje. Lakini jibu la swali letu pale ni safi: wazima waliwalipia wagonjwa, kila mtu akijua kwamba zamu yake itafika. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Likelemba ya mama zetu sokoni inafanya vivyo hivyo kwa mtaji wa biashara.

Na lazima niseme neno la haki kuhusu matibabu ya bure. Tangu 2007 Médecins Sans Frontières wamekuwa wakisaidia lopitali kuu ya Masisi, na mgonjwa hatoi kitu. Kati yenu mnaosoma hapa wako waliozaliwa pale. Katika vita, bure ndiyo bei pekee ya haki, maana aliyekimbia usiku hana mfuko wa kuchangia. Aliyelipa ni mtu wa mbali anayetoa kila mwezi bila kutujua. Tumshukuru, na tukumbuke kwamba siku akichoka, hatatuuliza.

Basi tufanye nini?

Kwa yule aliyecheka: una haki kuhusu malaria. Akupunktura haitibu malaria, wala kipindupindu, wala surua, wala risasi. Mtu atakayemchomea mtoto mwenye homa sindano hizi badala ya kumpeleka santre, huyo anaua. Uchunguzi umeonyesha kwamba inasaidia kiasi kwa baadhi ya maumivu ya muda mrefu: mgongo, shingo, magoti, kichwa. Lakini tazama mgongo wa mama anayebeba viazi kutoka shambani hadi barabarani, halafu uniambie hayo ni maumivu madogo. Kidonge cha maumivu anachonunua kila siku kwenye duka la dawa nacho kinamla tumbo.

Kwa waliosema "tuanze kesho": kesho hapana. Nashauri mambo manne.

Kwanza, tusijenge nyumba ya sindano peke yake. Tuombe chumba ndani ya santre iliyopo, kwa ruhusa ya daktari mkuu wa zoni, ili mwenye homa avuke mlango mmoja tu apate kipimo cha malaria. Uganda walipowafundisha wahudumu wa afya akupunktura, waliwafundisha watu waliokuwa tayari kazini katika vituo. Hiyo ni akili.

Pili, siku mbili kwa wiki, na moja iwe siku ya soko. Mama anakuja sokoni hata hivyo. Viti vitajaa, na hatutamwomba siku yake ya shamba.

Tatu, mchango wa familia ukusanywe mara moja kwa mwaka baada ya mavuno ya maharagi, na kwa upande wa Walikale baada ya kuuza mawese au mpunga. Mlangoni mtu atoe kidogo sana. Mfuko ushikwe na watu watatu, mmoja wao mama wa likelemba, na hesabu isomwe mbele ya watu. Tena usikae mahali pamoja. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Masisi-centre na Goma Januari, na Walikale-centre Machi; benki za Goma zilifungwa, na wenye akiba zao ndani walibaki wanaangalia mlango. Tujifunze.

Nne, na hili ndilo lililonifanya niandike. Muuguzi wetu alipwe. Mshahara wake uandikwe kwenye mstari wa kwanza wa hesabu, kabla ya viti na kabla ya rangi ya ukuta. Kama hesabu haitoshi kumlipa, tusifungue.

Najua mtasema, "tutajitolea". Papa naye alijitolea. Sikuwaambia bado nani alilipa sehemu iliyobaki ya bei yake. Liko kwenye daftari, ukurasa wa 58, katikati ya orodha ya dawa za kununua. Papa ameandika kwa mkono wake: minervali ya dada yangu mkubwa, ingojee trimestri ijayo. Ukurasa wa 64, ingojee. Baada ya hapo jina lake halionekani tena. Yangu mimi ilipatikana baadaye, posti ikiwa imeshafungwa na Papa amepata kazi ya mshahara kwingine. Njo maana mimi naitwa msomi.

Yaya anauza mawese Goma. Ana kichwa cha hesabu kuliko mimi. Bei za wiki nzima anazo bila karatasi. Kijijini bado watu wanamsifu Papa, "Munganga alitutibu kwa bei ndogo", na wanasema kweli. Yaya akisikia anacheka tu. Hayumo katika kundi hili la wahitimu, kwa sababu hakuhitimu.

Nimemwomba awe mmoja wa watatu wa kushika mfuko, kama mtakubali. Amesema kwanza anataka kuona hesabu. Basi dada yetu wa Walikale atuandikie: sindano ngapi kwa mwezi, bei gani hapo Goma, usafiri kiasi gani, muuguzi mmoja au wawili. Nitaileta kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi, na daftari la Papa pia, kwa mtakaotaka kuliona.